Koti la Hakimu

9 Februari

Kwa wifi yangu wa cherehani,

Salamu nyingi. Sisi huku hatujambo. Paka amezaa tena ndani ya kabati la viatu, mvua imekoma, na kaka yako hajambo, anakusalimu sana. Magoti yako je?

Ningepiga simu, lakini mambo ya mshono hayasemeki kwenye simu, yanachorwa. Tazama michoro nyuma ya karatasi hii, usicheke.

Unajua pale maktaba ninapofanya kazi tuna ukumbi nyuma, ule wenye madirisha yasiyofunguka. Tangu mwaka jana, kila Jumamosi mchana, watu kumi na mmoja hukutana humo kufanya mazoezi ya mchezo wa kuigiza. Hakuna hata mmoja aliyesomea kazi hiyo. Mwalimu wa hesabu ndiye aliyeutunga mchezo na ndiye anayetuongoza. Fundi baiskeli ni hakimu, muuza maziwa ni mjane anayedai shamba lake, na mlinzi wa benki ni tajiri aliyemnyang'anya. Waliobaki ni makarani na majirani. Mimi kazi yangu ilikuwa kuwafungulia mlango na kuwakumbusha wasigonge rafu. Mwezi uliopita mwalimu akauliza nani anajua kushona, nikafanya kosa la kusema wifi yangu ni fundi. Akasema, "Basi mavazi juu yako." Nikamwambia fundi ni wifi, si mimi. Akasema, "Udugu ni kufaana."

Fedha ya kitambaa hakuna. Nilicho nacho ni mapazia ya zamani ya maktaba, mashuka yaliyochoka ambayo hospitali ilikuwa inayatupa, magunia mawili, na mfuko wa vifungo ambavyo hakuna viwili vinavyofanana. Wenyewe walitaka waazime nguo kwa jamaa zao, nikawaambia nguo ya kuazima haisitiri matako. Wakacheka, sasa lazima niwasitiri mimi.

Swali langu ni moja. Nina koti la suti la mwanamume. Nataka liwe joho la hakimu, lifike magotini. Mkono mmoja nimeshautoa, na sasa koti linanitazama. Nifanyeje?

Mke wa kaka yako


24 Februari

Kwa Bibi Harusi,

Nitaacha kukuita hivyo utakapozeeka, na bado. Barua yako niliipata Jumanne. Salamu za kaka yangu nimezipokea, nikazisoma mara mbili.

Mimi mzima, isipokuwa magoti, ambayo siku hizi yana akili zao wenyewe. Sare za shule zimejaa mpaka kitandani. Redio yangu iliyokufa mwaka juzi imefufuka, na pasi imepata waya mpya, kwa hiyo nashona huku nikisikiliza taarifa ya habari kama mtu mkubwa.

Sasa koti. Kwanza weka mkasi chini, uweke mbali, hata chumba kingine. Kitambaa kilichofumuliwa hurudi, kilichokatwa hakirudi. Fumua mkono wa pili taratibu, kisha mshono wa mgongo na wa ubavuni. Bitana ya ndani itoe nzima, usiipasue. Chini ya kiuno unganisha pazia, na pale vinapokutana ufunike kwa mkanda mpana. Kabla ya kushona piga bandi, ile mishono mirefu ya kushikizia tu, umvalishe fundi baiskeli, umwambie akae, ainuke, anyooshe mkono wa kuhukumu. Kama ni kupasuka, lipasuke mbele yako, si mbele ya watu.

Wengine usihangaike nao sana. Aliyekaa mstari wa nyuma haoni mshono wako, anaona mabega na anaona mwendo. Tajiri mpe mabega, mjazie magunia. Mjane mpe nguo inayomzidi, aonekane amekonda humo ndani. Makarani wavishe rangi moja, watu watajua ni makarani.

Ila hukuniambia koti umelipata wapi, wala ni la kitambaa gani. Fundi lazima ajue kitambaa.

Wifi yako


11 Machi

Kwa wifi mkubwa,

Natumaini magoti yametulia. Hapa paka amehamishia watoto wake kwenye kapu la magunia, kwa hiyo mabega ya tajiri yalichelewa siku tatu.

Mashuka niliyachemsha kwa majani ya chai yapate rangi ya udongo. Ndoo ilikuwa ndogo, yakatoka na mabaka kama ramani. Mwalimu akasema mjane wetu amevaa bara zima. Lakini muuza maziwa alipolivaa hilo gauni, likamning'inia kama ulivyosema, mwalimu mwenyewe aliacha utani. Yeye mwenyewe akajitazama kwenye kioo cha dirisha akasema, "Huyu namjua." Hatukumuuliza ni nani.

Mlinzi wa benki amependa mabega yake mno. Mlangoni anapita kwa ubavu, na Jumamosi alikataa kuyavua, akaenda nayo nyumbani. Wigi la hakimu nimelifanya kwa kamba ya katani iliyofumuliwa. Fundi baiskeli kila akisema "Mahakama imeona" anapiga chafya.

Koti nimefuata maneno yako. Ni la kijivu, sufu nzuri. Lilikuwepo tu nyumbani.

Bado sijui nifanye nini na mkufu wa tajiri. Mwalimu anataka uonekane mzito. Nimechora ninavyoufikiria.

Kaka yako yupo.

Mke wa kaka yako


2 Aprili

Kwa Bibi Harusi,

Nimechelewa, na lawama zote si za magoti. Nilikaa na karatasi mbele yangu mara tatu, nikaishia kukatia juu yake kola ya shule.

Umesema koti ni la kijivu, la sufu. Mimi maishani nimeshona suti moja tu ya sufu ya kijivu. Nilikaa nayo wiki tatu. Vifungo nilivibadilisha mara mbili kwa kuwa bwana harusi alikuwa mwembamba na niliogopa vingemmeza. Huenda duniani kuna makoti mengi ya kijivu, sibishi. Lakini kama una neno la kuniambia, cherehani ikinyamaza chumba hiki ni kimya sana, na mimi nina masikio mawili mazima.

Nakutumia kifurushi. Kuna kola mbili nyeupe za hakimu, umbadilishie akitoka jasho. Kuna gazeti nililolikata kwa umbo la kofia za makarani, uliweke juu ya kitambaa, ulifuate kwa chaki. Na kuna mkufu wa tajiri. Umetengenezwa na mtu wa hapa mwenye nafasi, akifuata mchoro wako.

Wifi yako


13 Aprili

Wifi,

Kifurushi kimefika. Mkufu ni mzuri kuliko nilivyouchora. Waya wa shaba, vifuniko vya chupa vimepigwa nyundo mpaka vimekuwa kama sarafu za kale. Mlinzi alitaka kuuvaa palepale.

Nikaugeuza nitazame nyuma. Kila ncha ya waya imezungushwa mara tatu, kisha imepindwa kwa ndani isimchome mvaaji. Miaka kumi na moja nimeishi na mtu anayemaliza waya namna hiyo. Kamba yangu ya kuanikia nguo imemalizwa hivyo, na mkono wa sufuria, na antena juu ya paa. Sijaona mwingine anayefanya hivyo.

Kwa hiyo yuko kwako. Tangu lini? Tangu Jumapili ileile alipoondoka? Basi barua yangu ya kwanza ilipofika mlikuwa wawili mezani, mimi nikiandika kwamba anakusalimu, nyinyi mkisikiliza redio iliyofufuka. Mlicheka sana?

Ndiyo, koti ni lile. Suti uliyomshonea ya harusi yetu nimeikata. Mimi nilikuwa najitesa kwa kukuficha, kumbe ulijua kabla hujafungua bahasha.

Usihangaike kunitumia kitu kingine.


22 Aprili

Wifi yangu,

Hatukucheka.

Alifika Jumapili ile, saa kumi jioni, na mfuko wake wa vifaa na shati moja. Nikamuuliza kuna nini. Akasema, "Amekata suti." Nikamuuliza, "Ni hilo tu?" Akasema, "Ni hilo tu." Akakaa. Unamjua, maneno kwake ni kama meno, halitoki moja bila maumivu. Akaniomba nisikuambie yuko hapa, nikakubali kwa siku tatu nikijua atarudi. Wanasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mimi nilimpa pasi. Mpaka leo anapiga pasi sare za shule, na anazipiga vizuri.

Kisha barua yako ikaja, inasema hajambo, anasalimu. Nikaona na wewe hutaki nijue. Yeye kaniomba siri, wewe umenifichia siri, na ni jambo lilelile moja. Nikazitunza zote mbili nikidhani hiyo ndiyo busara. Haikuwa busara, ulikuwa woga. Niliogopa nikisema nitawapoteza wote.

Mkufu sikumwomba. Aliukuta mchoro wako mezani. Siku nne alikaa na koleo na nyundo pale dirishani, na aliponipa alisema tu, "Mwambie usilowe."

Nisikudanganye kuhusu suti. Nilipoambiwa imekatwa nilikasirika, tena siku nzima, nikashona kaptura tatu zina miguu ya kushoto mitupu. Hasira ilikwisha jioni. Lakini mpaka leo sijui kwa nini uliikata, na yeye hajui, au hataki kujua.

Mkirudiana au msirudiane, hayo ni yenu. Mimi kwako sijaenda popote.

Wifi yako


27 Mei

Wifi,

Mwezi umepita, sijapata jibu. Nimemuuliza karani wa posta mara nyingi mpaka akiniona anainama chini ya meza.

Mimi mzima. Ndani ya bahasha hii kuna vifungo sita vyeusi, vyote sawa. Usidhani natafuta msamaha kwa vifungo. Ni vya hakimu, hawezi kuhukumu watu na vifungo vya rangi sita.

Wifi yako


15 Juni

Kwa wifi yangu,

Vifungo vimefika, vimekaa vizuri. Samahani kwa kimya changu, na unisalimie karani wa posta.

Barua yako ya Aprili niliisoma siku ileile ilipofika, nikaiweka ndani ya kitabu ambacho hakuna anayekiazima. Kila siku nikipanga rafu ile naugusa mgongo wa kitabu, naondoka. Sikuwa na hasira na wewe tena baada ya wiki ya kwanza. Niliona aibu, kwa kuwa umeniuliza kwa nini, na jibu nililijua.

Sikuikata kwa kukosa kitambaa. Pazia lingetosha.

Nilimwomba aniazime hilo koti kwa ajili ya mchezo, sikuwa na nia ya kulikata, nililitaka kama lilivyo, alasiri mbili tu. Akasema, "Suti ni ya mahali pa maana." Nikamuuliza mahali pa maana ni wapi, na tutaenda lini. Akaongeza sauti ya redio aliyokuwa anaitengeneza.

Wifi, kila mwezi kwa miaka kumi na moja nimeitoa suti ile kabatini, nimeipiga brashi, nimeianika kivulini, nimeirudisha. Harusi ya rafiki yangu hakwenda, kichwa kilimuuma. Sherehe ya maktaba hakuja, alikuwa na kazi ya mtu. Nilimwalika mazoezini mara nne. Jumamosi ile niliitoa tena kuipiga brashi, nikaikuta nzima kama siku ulipoimaliza, hata viwiko havijalainika. Nikajiona mimi ndiye ninayeitunza ili isiende popote. Nikachukua mkasi.

Usiku huo hakujua. Kesho yake asubuhi aliingia akaukuta mkono mmoja mezani. Laiti angegomba. Nilikuwa tayari kwa ugomvi, maneno yangu nilikuwa nimeyapanga kama vitabu. Alitazama, akachukua mfuko wake, akatoka.

Wewe nakuomba radhi kwa mishono yako. Nilipokuwa nafumua niliona ulivyoshona ndani ya bega, mahali ambapo hakuna binadamu angewahi kupaona, sawasawa na nje. Nililia hapo, si kabla. Yeye simwombi bado.

Tunaonyesha Jumamosi tarehe 6 Julai, saa tisa mchana. Kiingilio hakuna.

Wifi yako


25 Juni

Kwa Bibi Harusi,

Asante kwa barua. Radhi umepata, tena zamani.

Sikumsomea. Niliiacha mezani chini ya mkasi, nikampelekea mteja sare zake, nikapita njia ndefu, na magoti haya. Niliporudi barua ilikuwa bado chini ya mkasi, ila imekunjwa vingine. Yeye alikuwa anatengeneza taa ya cherehani, ambayo haikuwa imeharibika.

Akaniuliza, "Ni kweli hatujaenda popote?"

Nikamwambia, "Mimi ndiye fundi wa suti ile. Umenenepa tangu uoe, na hujawahi kuniletea nikuongezee kiuno. Sasa nijibu wewe."

Chakula akaacha nusu. Asubuhi akasema, kama anayeongea na pasi, "Nilikuwa naogopa kuonekana mshamba. Yeye amesoma, na watu wake wamesoma." Nikamwambia hakimu wao ni fundi baiskeli. Akasema, "Kweli?" Hilo hakulijua. Miezi yote hiyo hakuna aliyemwambia, au hakukaa kusikiliza.

Juzi kaniuliza ukumbi una viti vingapi. Sijui maana yake nini, na simwahidi mtu kitu. Mimi mwenyewe sitaweza kuja, safari ya siku nzima nimekaa, sitainuka.

Kabla ya siku yenyewe, koti lipige pasi kwa kuweka kitambaa kibichi juu ya sufu, usiiguse kwa chuma kitupu, itang'aa kama kiti cha basi. Na ule kabla ya onyesho. Nakujua.

Wifi yako


8 Julai

Kwa wifi yangu,

Magoti hayajambo? Sisi wazima. Watoto wa paka wamepata wenyewe, mmoja amechukuliwa na hakimu.

Viti ni sitini, watu walikuja kama themanini, wengine wakakaa juu ya meza za kusomea na sikuwakataza. Nilikuwa nyuma ya pazia na pini mdomoni tangu mwanzo. Tajiri alipoingia kwa ubavu watu walicheka wakadhani ndivyo ilivyotungwa, na yeye kwa akili yake akaingia hivyohivyo kila mara. Mjane aliposimama na nguo yake ya mabaka, mama mmoja mbele akasema kwa sauti, "Mpeni mama wa watu shamba lake." Muuza maziwa akasahau maneno yake, akamwambia, "Asante, ngoja hakimu aje." Mwalimu akashika kichwa.

Kisha hakimu akaja. Wifi, laiti ungeona. Pazia la maktaba lilikuwa linaburura kidogo, mabega yamekaa kama ulivyoyapanga, vifungo vyote sita vyeusi. Watu waliokuwa wamekaa juu ya meza walishuka. Fundi baiskeli hakupiga chafya hata mara moja. Alipompa mjane shamba, makofi yalianza kabla hajamaliza sentensi, na sentensi yenyewe haikusikika mpaka leo.

Kaka yako sikumwona anaingia. Nilimwona mwishoni, amesimama karibu na mlango, mfuko wa vifaa begani, amevaa shati ulilompigia pasi wewe, au alilolipiga mwenyewe. Hakupiga makofi. Watu walipotoka alibaki palepale, wakawa wanampita kama nguzo.

Alikuja nyuma nikiwa nakunja nguo. Akalichukua koti, akaligeuza ndani nje, akapitisha kidole kwenye mshono wa bega. Nikangoja. Maneno yangu yale niliyoyapanga tangu Februari yalikuwa bado ninayo yote.

Akasema, "Mimi nilidhani naitunza."

Nikamwambia, "Najua."

"Nilisema siku moja tutakwenda mahali..." Akalikunja koti vibaya, nikalichukua nikalikunja upya. Nikamwambia nilikosea kuchukua mkasi, na kwamba ningekosea tena kama angeongeza sauti ya redio. Akaitikia kwa kichwa polepole. Kisha akaniuliza kama nimekula. Sikuwa nimekula.

Tulirudi nyumbani kwa miguu, yeye amebeba magunia na joho, mimi nimebeba wigi na mfuko wa kofia. Pale kwenye duka la vyuma tukakutana na fundi baiskeli anafungua mnyororo wa baiskeli yake, bado ana poda usoni. Nikamwambia kaka yako, "Huyu ndiye hakimu." Wakashikana mikono. Wakasimama wanazungumza habari za lehemu, mambo ya vyuma kuunganishwa na vyuma, robo saa nzima. Nilihesabu sentensi za kaka yako. Zilikuwa tisa.

Sijamsamehe yote, wala yeye hajanisamehe yote. Jana tulikuwa na ukimya mrefu, lakini kila mtu alikuwa chumba kimoja na mwenzake. Jana hiyohiyo asubuhi, akiwa amefunua redio ya jirani mezani, akaniuliza bila kuinua macho kama mchezo ujao utakuwa na nafasi ya mtu asiyesema neno lolote.

Nikamwambia nitamuuliza mwalimu.

Wifi yako, na kapu lake la magunia